Siku Tuliyofungua Kabla ya Jua

Jumatano, 4 Machi

Kaye hii ya kuandikia nimepewa leo na Madamu Dusabe. Amesema niandike kila siku mambo matatu tu juu ya mume wangu: amelala vipi, amekula vipi, amemeza dawa au hakumeza. Nikamwambia, Madamu, mimi shule niliishia mwaka wa sita. Akacheka. "Mambo matatu, Fahima. Hata wa mwaka wa pili anaweza. Ukipata la nne, liandike nalo."

Basi naanza. Alilala kidogo. Alikula ndizi mbili. Alimeza dawa, ya kwanza.

La nne ni refu. Mwanvua, mtoto wetu, amelala, ngoja niliandike lote.

Mume wangu Karimu ni fundi cherehani, na ndiye mwadhini wa msikiti mdogo wa hapa kwetu Birimba, Rumonge. Umeme ukiwepo anaita kwa mikrofoni. Usipokuwepo anasimama kwenye ngazi ya msikiti na kuita kwa koo lake, na wanamsikia mpaka kule ufukweni wanakoanika samaki wadogo wa ndagala. Wamama wa huku hawaangalii simu. Wanasema "Karimu bado," au "Karimu tayari." Mimi nilimpenda kwa sauti hiyo kabla sijaiona sura.

Ramadhani hii alipokea nguo nyingi za Idi, akawa halali usiku. Halafu akaniambia cherehani inamwita jina. Nilicheka, nikadhani mzaha. Siku ya tatu akaacha kushona, akawa anakaa mbele yake anaisikiliza, kichwa kimeinama upande kama mtu aliyeitwa na mkubwa.

Ijumaa iliyopita ilikuwa funga ya tisa. Wingu lilitoka upande wa Kongo, likameza milima yote, ziwa likawa jeusi. Umeme ulikuwa umekatika. Karimu akapanda ngazi akaita Magharibi. Birimba nzima ikafungua. Tende zikaliwa, uji ukanywewa. Halafu lile wingu likapasuka, na jua likaonekana juu ya milima ya Kongo, limekaa zima kama kiini cha yai.

Bibi Hadjara, jirani yetu anayeuza mawese, mtu ambaye anasema hajala mchana wa Ramadhani kwa uzembe tangu alipovunja ungo, alitema tende mkononi akalia kama mtoto. Wanaume wakamshusha Karimu kwenye ngazi. Hakugombana nao. Alisema tu, "Wameniambia sasa. Wamesema sasa." Nani? Akaonyesha hewa.

Sheikh Abdoulkarim, imamu wetu, akatangaza kwamba kila aliyekula alipe siku moja baada ya Ramadhani. Na ni yeye Sheikh aliyepiga simu kwenye kituo cha afya, Mungu ampe. Ndipo akaja Pontiani, muuguzi, na nyuma yake Madamu Dusabe, ambaye ni sikologi, mtaalamu wa mambo ya akili.

Lakini Athumani, kaka mkubwa wa Karimu anayekaa Nyanza-Lac, amesema dawa za kizungu ni kupoteza wakati. Iko mzee upande wa Kabonga anayetoa majini. Wagonjwa wake anawafunga kamba kwenye nguzo mpaka majini yachoke. Athumani alikuwa aje jana. Hakuja kwa sababu mvua imechukua daraja dogo la upande wa kwao na magari hayapiti. "Njia ikikauka, shemeji, nakuja kumchukua."

Mimi sijawahi kuomba mvua iendelee. Leo nimeomba.

5 Machi

Alilala saa tatu. Hakula. Alimeza.

6 Machi

Mvua. Alilala saa nne. Alikula ugali kidogo. Alimeza. Watoto wamepita dirishani wakiimba "Saa Mbovu! Saa Mbovu!" Ndilo jina lake sasa.

Jumatatu, 9 Machi

Alilala. Alikula. Alimeza.

Madamu Dusabe amekuja, amekaa kwenye mkeka wetu, miguu ameikunja vizuri kuliko mimi. Bibi Hadjara alipita kuchungulia, akakaa kabisa.

"Eti wewe ni daktari wa nini?" akamuuliza.

"Mimi sitoi dawa, Bibi. Dawa iko kwa Pontiani. Mimi niko kwa ajili ya maneno."

"Maneno!" Bibi akapiga goti lake. "Binti yangu umekosea mtaa. Hapa maneno tunayo mpaka tunauza soko la Gatete."

Madamu alicheka hadi akafuta macho. Halafu akamgeukia Karimu, akamuuliza zile sauti zinasema nini. Nikashtuka. Mimi kila akizitaja nimekuwa nikimwambia, hakuna sauti, Baba Mwanvua, hakuna kitu, acha. Na yeye ananyamaza, anageukia ukuta. Leo amejibu. Amesema ni wanaume wawili asiowajua, wanamhimiza kila kitu. Ita sasa. Simama sasa. Usile sasa. Wanapenda sana neno "sasa."

Baadaye mlangoni Madamu akaniambia, "Ukimwambia hakuna sauti, unamwambia ni muongo. Ukimwambia nawe unazisikia, unamdanganya. Mwambie ukweli wako: mimi sizisikii, lakini naona zinakuchosha."

Nimejaribu jioni. "Mimi sizisikii, Baba Mwanvua. Lakini naona zinakuchosha."

Amenitazama usoni. Ni mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. "Sana," akasema.

11 Machi

Alilala saa tano. Alikula. Alimeza.

Athumani amepiga simu. Nikamwambia tusiharakishe, muganga anakuja nyumbani kila wiki. Akafurahi mno. "Ee! Mbona hukusema, shemeji? Amemkuta na majini mangapi?" Nikakumbuka kwamba kule kwao mpakani mganga ni yule wa hirizi. Huku kwetu muganga ni wa sindano. Nilipomweleza akakasirika kama nimemwibia furaha.

"Mvua haitanyesha milele," akasema.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Mvua asubuhi yote. Alilala. Hakula. Alimeza. Hakwenda kuswali, alijifunika shuka mpaka takbira zikaisha. Nguo za watu alizokata zimo bado kwenye kapu, mikono haijaunganishwa na miili. Nilimvisha Mwanvua gauni jipya, nikamvua, nikaliweka.

28 Machi

Alilala saa sita. Alikula sahani nzima. Alimeza, mimi nikiona.

Madamu amempa kazi ya ajabu. Aendeshe cherehani bila uzi, asikilize. Halafu aisimamishe, asikilize tena. Amwambie ipi ina maneno. Karimu amefanya siku tatu, leo amempa jibu kama mwanafunzi: "Ikienda haisemi. Ikisimama ndiyo wanasema."

"Basi si cherehani inayosema," Madamu akamwambia polepole. "Cherehani ni rafiki yako. Inawafunika."

Jioni ametia uzi. Ameshona mkono mmoja wa kanzu. Mmoja tu. Nimeubusu mkono huo wa kanzu ya mtu nisiyemjua.

2 Aprili

Alilala. Alikula. Alimeza. Mvua, mvua. Ziwa limefika kwenye mizizi ya michikichi ya chini.

5 Aprili

Alilala kidogo. Alikula kidogo. Alimeza.

Kitu kimebadilika, sijui nini. Anasogeza mdomo.

Alhamisi, 9 Aprili

Jana sikuandika.

Jana adhuhuri ikiwa bado saa nzima, Karimu alitoka akitembea haraka, mvua ikimpiga, akaenda msikitini akapanda ngazi. Nilimfuata na Mwanvua mgongoni, ndala moja imebaki kwenye tope. Alifungua mdomo aite, na hakuna neno lililotoka. Alisimama pale, mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea na mto umewekwa usoni. Watu walitoka kwenye vibaraza. Kuna waliocheka. Mwanaume mmoja akasema, "Tumfunge sasa hivi, tunangoja nini?" Na wengine wakasema ndiyo.

Bibi Hadjara akapita katikati yao na chombo chake cha mawese kichwani. "Mumfunge mumpeleke wapi, barabara hakuna? Au mtamfunga kwenye mlango wako wewe, na umlishe?" Wakaachana naye. Lakini mimi hakunitazama. Bado hajanisamehe ile tende.

Nyumbani nilifungua droo ya cherehani nitafute kitambaa cha kumkausha. Humo kati ya bobini za uzi nilikuta vidonge. Kumi na moja. Nimekuwa nikiandika "alimeza" huku siku nyingine vinalala kwenye bobini. Kaye yangu imedanganya.

Nilipiga simu kwa Madamu nikilia. Magari hayakuwa yanafika Birimba kwa sababu ya maji. Alifika saa kumi, kwa miguu, viatu mkononi, sketi ameikunja ndani ya mkanda kama mvuvi. Nikadhani atamgombeza. Nikadhani ataniambia mimi ni mzembe.

Aliketi, akakausha miguu, akamwonyesha Karimu vile vidonge kwenye kiganja. "Karimu, hivi vinakufanya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Tulimuuliza mbona humezi. Hatukuuliza vinakufanya nini.

Karimu akajibu. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yanatoka yamefungamana. "Vinanyamazisha wale wawili. Ni kweli. Lakini vinanyamazisha na mimi. Koo imekauka. Ulimi umekuwa mti. Madamu, mimi sina shamba, sina mtumbwi. Nilikuwa na sauti. Sasa nichague nini, sauti zao au kukosa sauti?"

Madamu hakuandika chochote. Alisema, "Sikujua. Tumekukosea kutokuuliza." Mkubwa wa watu, mwenye diploma, amemwambia fundi cherehani tumekukosea.

Akampigia Pontiani palepale, na Pontiani akampigia daktari.

13 Aprili

Alilala. Alikula. Alimeza, na akafungua mdomo mwenyewe akanionyesha.

Pontiani amekuja na pikipiki yake imejaa tope. Wamepunguza ile dawa, wamempa nyingine ndogo ya kulegeza ulimi. "Ikikusumbua tena usiifiche kwenye bobini," amemwambia, "utashonea watu mashati ya wazimu." Karimu amecheka. Nimemsikia!

15 Aprili

Alilala saa saba. Alikula. Alimeza. Asubuhi alikuwa anaghani kidogo akinyoosha kitambaa.

Ijumaa, 17 Aprili

Alilala. Alikula. Alimeza.

Madamu ameniuliza leo swali ambalo nimelifikiria mchana wote. "Fahima, mimi Mukristo, nisaidie. Ile siku iliyoharibika, inaweza kutengenezwa?"

"Inalipwa," nikasema. "Mtu anafunga siku moja nyingine."

"Kila mtu kivyake?"

"Kila mtu siku anayotaka. Wengine wameshalipa. Wengi bado."

"Na Karimu, yeye analipa vipi?"

Nikasema naye atafunga siku moja kama wengine. Akatikisa kichwa. "Oya, hapana. Wengine walikula. Yeye aliita. Anayeita analipa vipi?"

Hapo nikaanza kulia, na nikamwambia jambo ambalo sijaliandika humu. Ile Ijumaa mimi nilikuwa mlangoni namnyonyesha Mwanvua. Sikuwa nimefunga, sikuwa na njaa ya kunipofusha. Simu ilikuwa mkononi. Niliona saa: kumi na mbili kasoro dakika tano. Jua lilikuwa linazama kumi na mbili na ishirini. Nilimsikia anaita na nilijua. Nikanyamaza. Niliona aibu kumkosoa mume wangu mbele za watu. Nikasema moyoni, labda simu ndiyo mbovu.

Nikangoja anihukumu. Madamu alimchukua Mwanvua akampakata. "Kumbe na wewe ulikosa sauti," akasema. "Basi tuna kazi mbili."

Ijumaa, 24 Aprili

Alilala. Alikula. Alimeza.

Baada ya Alasiri Sheikh Abdoulkarim aliwaomba watu wabaki kwenye kibaraza cha msikiti. Wanawake tulikaa upande wa mwembe, kwenye mikeka. Madamu alisimama amefunga kitenge kichwani.

"Amahoro, amani kwenu. Mimi sijui mambo ya dini yenu, mtanisahihisha. Karimu ni mgonjwa, ugonjwa wake una jina na una dawa. Anasikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Anajifunza kuzisikia bila kuzitii. Siwaambii amepona. Nawaambia anajifunza, na kujifunza kunataka watu. Nimesikia mna siku moja ya kulipa. Naomba muilipe pamoja, na yeye aite."

Ilikuwa kelele. "Atuite atulishe mchana tena?" "Tumekosa mwadhini Rumonge nzima?" Mmoja akasema Madamu amelipwa na Wazungu. Karimu alikaa anatazama vidole vyake.

Mimi nilisimama. Sijui nani aliniinua.

"Mimi nilikuwa na simu," nikasema. Hawakunisikia. Nikasema kwa nguvu, "Mimi nilikuwa na simu mkononi! Ile siku niliona saa. Nilijua bado. Nikanyamaza. Yeye ana ugonjwa, mimi sikuwa na ugonjwa wowote. Kama mnatafuta wa kumfunga, nifungeni mimi."

Karimu aliinua macho akanitazama kutoka ule upande wa pili.

Halafu Bibi Hadjara, sauti yake ileile ya kuuzia mawese: "Kumbe! Tumemwonea Karimu bure. Saa mbovu zilikuwa mbili ndani ya nyumba moja!"

Aliyeanza kucheka ni Sheikh mwenyewe. Kikapita kicheko kwenye mikeka yote, na nikaona mabega ya watu yameshuka. Sheikh akasema: Alhamisi ya tarehe kumi na nne Mei tunalipa pamoja. Kabla ya hapo, kila Magharibi Karimu atakaa kando yake, na saa ikifika atamgusa goti kabla Sheikh hajaita. "Wiki tatu nitamtazama. Halafu nitaamua."

Wakati wa kutoka Bibi Hadjara alinipita, akanifinya mkono kwa nguvu ya kuumiza. "Mjinga wewe," akasema. Nimesamehewa.

27 Aprili

Alilala. Alikula. Alimeza. Aligusa goti kwa wakati.

Madamu amemfundisha vitu vitatu. Wale wawili wakisema "sasa," hawakatalii, hagombani nao. Anaangalia saa, anaangalia karatasi ya nyakati za swala, anamwangalia mtu anayemwamini. Vitatu vikikubaliana ndipo iwe sasa. "Mtu unayemwamini ni nani?" Madamu akamuuliza. Akasema, "Mama Mwanvua." Licha ya ile simu yangu!

30 Aprili

Yote matatu. Goti kwa wakati. Kanzu nne zimetoka kwenye kapu.

3 Mei

Yote matatu. Goti kwa wakati, ingawa anasema wale wawili walipiga kelele mpaka sikio likauma.

6 Mei

Yote matatu. Siku ya tatu hakuna mvua. Ndagala zimekauka kwa siku moja tu, wamama wanamshukuru Mungu. Mimi naangalia mbingu, natafuta wingu. Wanasema daraja linatengenezwa.

Jumatano, 13 Mei

Alilala. Alikula. Alimeza.

Athumani amefika. Nilisikia pikapu kabla sijaiona. Amekuja na wanaume wawili wa Kabonga, na nyuma kwenye karoseri iko kamba mpya, ya bluu, imekunjwa vizuri. Mwanvua amenyoosha mkono aishike. Nimemvuta.

Karimu akamwamkia kaka yake kwa heshima, akamletea maji ya kunawa. Athumani akashangaa kidogo, lakini akasema, "Majini yana adabu yakijua yanafuatwa."

Sheikh akaja, wakaongea sana barazani. Madamu naye kwenye simu, spika imewekwa juu. "Kaka Athumani, ninakuomba siku moja tu." Mwishowe Athumani akasema: "Sawa. Kesho. Ila mbele yenu wote: akikosea kesho, hata kwa dakika moja, kabla watu hawajamaliza kula naondoka naye. Na Madamu asinipigie tena."

"Ego, sawa," Madamu akasema. "Lakini na wewe ufunge kesho."

Athumani akabaki anaitazama simu. "Mimi ni msafiri, Madamu."

"Umeshafika."

Sheikh kabla ya kuondoka akamwambia Karimu, "Wiki tatu hujakosea hata mara moja. Kesho saa yangu naiacha nyumbani."

Ijumaa, 15 Mei, asubuhi

Jana! Naandika polepole nisisahau kitu.

Nilifunga na mimi. Mwanvua anakula uji siku hizi, na nilitaka njaa yangu iwe kama ya wengine. Jana ilikuwa sikukuu ya Wakristo, Asensio, kazi hakuna. Madamu alitoka kanisani akaja moja kwa moja na viatu vyake vizuri. Pontiani pia, na shati la kanisani. Nikawauliza, hamkula? Madamu akasema, "Tutakula mkila."

Kuanzia saa kumi mtaa ulijaa. Mikeka kuanzia ngazi ya msikiti mpaka kwa Bibi Hadjara. Tende, uji, maandazi, mihogo, ndagala wa kukaanga, kila nyumba imeleta. Athumani alikaa mbele kabisa, wale wawili wa Kabonga nyuma yake.

Na saa kumi na moja na nusu, wingu likaja. Wiki nzima mbingu ilikuwa safi, jana likaja. Likatoka Kongo, likameza milima, ziwa likawa jeusi, vilevile kama ile Ijumaa. Matone makubwa yakaanza. Umeme ukakatika. Watu walitazamana.

Karimu alipanda ngazi, amevaa kanzu aliyoishona mwenyewe. Saa kwenye mkono wa kushoto, karatasi kwenye mkono wa kulia.

Giza likazidi. Huwezi kuona mtumbwi. Ilipofika kumi na moja na dakika arobaini mtu mmoja nyuma akasema, "Jua limekwisha hilo." Mwingine akasema, "Kweli, tazama kulivyo." Mzee mmoja akaita, "Karimu! Ita, watu wana njaa!" Na wengine wakaanza: "Ita! Sasa! Ita sasa!" Hata Athumani akasimama, akatazama juu, akasema, "Mdogo wangu, mbona huiti? Imeshaingia."

Mungu wangu. Walikuwa wanasema maneno yaleyale. Wale wawili wa ndani na mia mbili wa nje, wote "sasa, sasa." Nikaona mdomo wake umeanza kusogea.

Akaangalia saa. Akaangalia karatasi. Halafu akanitafuta kwenye upande wa wanawake. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu, nilijua yanauliza: Mama Mwanvua, ni mimi ninayekosea au ni wao?

Mara hii simu ilikuwa mkononi tena. Sikunyamaza.

"Bado!" nikapiga kelele. Mwanvua akashtuka mgongoni akaanza kulia. "Bado! Dakika kumi na saba!"

Na Karimu, kutoka juu, kwa sauti yake, ile yake kabisa: "Bado. Shusheni tende."

Na walishusha! Niliona mikono ikishuka mkeka hadi mkeka. Yule mzee aliyeita kwanza alikuwa ameshafikisha tende mdomoni, akairudisha kwenye sahani akaifuta na kanzu. Athumani alikaa.

Zile dakika kumi na saba nitazikumbuka nikiwa kizee. Mvua ilitupiga, hakuna aliyeondoka. Tulifunika vyakula na khanga zetu, tukalowa sisi. Bibi Hadjara akasema, "Nikifa na njaa, mniandikie kaburini: Karimu alisema bado." Watu wakacheka mvuani. Sheikh alikuwa ameketi, mkono wake mtupu bila saa, tende moja kwenye kiganja. Madamu alisimama pembeni na viatu vyake vizuri ndani ya tope, mikono ameikunja kifuani, midomo inasogea. Nadhani naye alikuwa anaswali, kwa namna yake.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na saba Karimu akaangalia saa. Akaangalia karatasi. Akaniangalia. Nikainamisha kichwa: ndiyo.

Akaweka mikono masikioni, akaita.

Sijui kuandika ile sauti. Ilipita juu ya mvua. Ilienda mpaka ziwani, ninajua kwa sababu wavuvi waliokuwa wanapakia taa walisimama. Jua hatukuliona hata kidogo, wingu halikupasuka. Tulikuwa na yeye tu.

Hakuna aliyetazama simu. Bibi Hadjara alikula wa kwanza. Alitafuna akiwa amefumba macho, machozi na mvua vimechanganyika, halafu akasema kwa kila mtu, "Karimu tayari." Ndipo wote tukala.

Akashuka ngazi. Athumani alimpokea kabla yangu. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwekea tende mdomoni kama anavyowekewa mtoto. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, ile kamba."

"Naam, kaka Athumani."

"Bibi Hadjara ana madumu ya mawese ya kupeleka Nyanza-Lac. Nitayafungia."

Wale wawili wa Kabonga walikuwa kwenye sahani ya pili ya ndagala.

Nilimwendea Madamu nikamshukuru, murakoze, murakoze, nikakosa neno lingine. Akaninyamazisha na andazi. "Mimi sikuita, Fahima. Wala sikusema bado." Alikuwa anacheka na pua inamchuruzika. Pontiani akamwambia, sikologi halii, imeandikwa kwenye mkataba. Akamrushia andazi na yeye.

18 Mei

Yote matatu. Watoto wamepita dirishani. Wanaimba "Bado! Bado!" Karimu amewafungulia mlango akawafukuza kwa mzaha, wamekimbia wakipiga kelele za furaha.

Jumapili, 31 Mei

Mvua imekwisha kabisa. Vumbi la kwanza limeanza kwenye majani ya michikichi. Mwanvua amesimama peke yake akishikilia mguu wa cherehani.

Madamu amekuja jana, amesoma kaye hii yote, hata zile kurasa za bobini. Amesema wale wawili huenda wasiondoke kabisa, na dawa itakuwa ya muda mrefu, na siku mbaya zitakuja, tuzijue kwa usingizi wake zikianza. Karimu akamwambia wale wawili bado wanakuja jioni, "lakini siku hizi wanakaa kwenye foleni kama watu wengine." Madamu amesema naweza kuacha kuandika nikitaka.

Ukurasa umebaki mmoja, ngoja niumalize.

Alilala. Alikula. Alimeza dawa. Aliita.